Msokoto wa korodani

Msokoto wa korodani ni hali ya dharura ya kiafya inayotokea pale korodani inapojizungusha ndani ya mfuko wake na kuisokota kamba inayoishikilia. Mishipa ya damu ya korodani hupita ndani ya kamba hiyo. Ikisokotwa, damu haifiki tena, na korodani huanza kufa katika muda wa saa chache. Tiba yake ni upasuaji, na matokeo ya upasuaji huo hutegemea hasa muda uliopita tangu maumivu yaanze.

Kila mwaka hali hii humpata takriban mwanamume mmoja kati ya 4,000 wenye umri wa chini ya miaka 25. Huonekana zaidi kwa wavulana wa miaka 12 hadi 18, na pia kwa watoto wachanga, ingawa inaweza kutokea katika umri wowote.

Sababu

Kwa kawaida korodani imeshikizwa kwa nyuma kwenye ukuta wa mfuko, hivyo haiwezi kuzunguka. Baadhi ya wanaume huzaliwa na kasoro ya umbile: utando unaoifunika korodani hupanda juu mno, na korodani hubaki ikining'inia kama ulimi wa kengele. Mara nyingi kasoro hiyo huwa pande zote mbili, na mwenyewe hana habari nayo.

Wakati wa kubalehe korodani hukua haraka na kuwa nzito, ndiyo maana hatari huongezeka katika umri huo. Msokoto unaweza kutokea mtu akiwa usingizini, akicheza mpira, au baada ya kugongwa kidogo. Si ugonjwa wa zinaa, wala hauambukizwi.

Dalili

* Maumivu makali ya ghafla katika korodani moja
* Kichefuchefu na kutapika
* Korodani kuvimba, kupanda juu kuliko kawaida au kulala kwa upande
* Maumivu ya kinena au ya tumbo chini ya kitovu

Dalili hii ya mwisho hupotosha wengi. Mvulana anayeona haya kutaja sehemu zake za siri husema tu kwamba tumbo linauma, akapewa dawa ya tumbo huku saa zikipita. Kwa sababu hiyo mvulana mwenye maumivu ya ghafla ya tumbo la chini anapaswa kupimwa korodani pia.

Maumivu yanaweza pia kuja na kutoweka yenyewe, kamba inapojisokota na kujifungua. Huyo naye anahitaji kuonwa na daktari, kwani msokoto unaweza kurudi.

Utambuzi

Daktari hutambua hali hii kwa maelezo ya mgonjwa na kwa kumpima. Ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu husaidia pale penye shaka, lakini dalili zikiwa wazi upasuaji haupaswi kungoja kipimo.

Katika Afrika Mashariki neno "mshipa" hutumika kwa magonjwa kadhaa ya sehemu hizi, na hilo huweza kuleta mkanganyiko. Busha huvimba polepole kwa miezi au miaka, mara nyingi bila maumivu. Ngiri ni uvimbe unaotokeza kinenani, nayo ikibanwa huwa dharura vilevile. Maambukizi ya korodani kwa kawaida huanza taratibu, pengine pamoja na homa na maumivu wakati wa kukojoa.

Tiba

Mgonjwa hupewa nusukaputi, kisha daktari mpasuaji hufungua mfuko, huisokotoa kamba na kuifunika korodani kwa kitambaa chenye uvuguvugu ili kuona kama rangi yake itarudi. Ikirudi, hushonewa kwenye ukuta wa mfuko isizunguke tena. Ikiwa imekwisha kufa, huondolewa. Kwa vyovyote vile korodani ya upande wa pili nayo hushonewa, kwa sababu mara nyingi ina kasoro ileile.

Wakati mwingine daktari huweza kuizungusha korodani kwa mkono kabla ya upasuaji. Maumivu yakitulia, upasuaji bado unahitajika.

Matokeo

Upasuaji ukifanyika ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, korodani huokolewa kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Kufikia saa 12 nafasi hushuka hadi karibu nusu, na baada ya saa 24 ni wachache tu wanaonusurika na hasara hiyo. Kiasi cha msokoto nacho huchangia: kamba iliyozunguka mara mbili hubana damu kuliko iliyozunguka nusu. Hivyo hata aliyechelewa anapaswa kupelekwa hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Korodani iliyookolewa huweza kusinyaa katika miezi inayofuata, hivyo mgonjwa hurudi kuchunguzwa. Kwa watoto wachanga matokeo si mazuri, kwani mara nyingi msokoto hutokea kabla ya kuzaliwa.

Aliyeondolewa korodani moja kwa kawaida hubaki na nguvu za kiume, na wengi huzaa watoto, kwa kuwa korodani moja nzima hutosha kutengeneza homoni na mbegu. Kwa wengine ubora wa mbegu hupungua. Anayetaka anaweza kuwekewa korodani ya bandia kwa ajili ya mwonekano.