Teke Lililompeleka Tendaguru

Kila msimu wa raga kuna kijana Nairobi anayetolewa uwanjani ameshikwa mabega, hajui hata mechi ni ngapi-ngapi. Tunampa pole, tunamwambia atarudi tu. Wengine hawarudi. Na swali tunalolikwepa ni hili: mtu wa michezo akishatoka uwanjani, anaenda wapi?

Mwaka 1923 swali hilo lilimkuta mwanafunzi wa Cambridge aliyezaliwa Kabete. Louis Leakey, mtoto wa wamisionari, alikua na vijana wa Kikuyu na kuongea lugha yao kama mwenyeji. Hakuwa mchezaji wa kulipwa, ila raga aliipenda kwelikweli. Kwenye mechi moja akapigwa teke la kichwa. Kichwa kikauma vibaya sana, kusoma kukamshinda, na daktari akamwamuru aachane na vitabu kwa mwaka mzima, akakae nje kwenye hewa safi.

Bahati nzuri, makumbusho moja ya London ilikuwa inatuma msafara Tendaguru, bara ya Lindi, kutafuta mifupa ya dinosaria. Kiongozi wake, William Cutler kutoka Kanada, alijua mifupa lakini hakuijua Afrika. Leakey alijua Kiswahili na maisha ya huku. Mwaka 1924 akapata kazi.

Tuelewane: kuchimba dinosaria si akiolojia. Lakini mikono hujifunza mambo yaleyale: kufukua polepole, kuutoa mfupa uliooza nyufa bila kuuvunja, kuendesha kambi mbali na mji. Cutler alibaki huko, akafa kwa malaria mwaka 1925. Leakey alirudi Cambridge, akamaliza masomo 1926, na mwaka huohuo akaja Kenya na msafara wake mwenyewe wa akiolojia. Olduvai ikafuata 1931.

Basi hadithi husimuliwa kama muujiza: teke moja, na historia ya binadamu ikageuka. Mimi naona imekatwa nusu.

Leakey hakukuta pori tupu Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913, mamia ya Waafrika waliwachimbia Wajerumani pale pale. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, aliijua kazi hiyo Leakey akiwa bado mtoto. Leo dinosaria wa Tendaguru amesimama Berlin, urefu zaidi ya mita 13. Ujuzi wa Boheti haukumfungulia chuo chochote.

Hata Kamoya Kimeu, aliyeanza kama kibarua wa kina Leakey Olduvai mwaka 1960 na kugundua mifupa ya Mvulana wa Turkana mwaka 1984, alipewa udaktari wa heshima na chuo kimoja cha Marekani mwaka 2021. Mwaka uliofuata akafariki.

Kwa hivyo si teke lililompa Leakey maisha ya pili. Alikuwa na mwaka wa kupumzika, kazi iliyotaka alichokijua tayari, na chuo kilichomngoja arudi. Yule kijana wetu anayeshikwa mabega naye huenda anajua mengi nje ya raga. Nani amewahi kumuuliza?