Sauti "safi" ni ipi?

Muuza hedifoni husifu "sauti safi" akimaanisha besi inayotikisa kichwa. Mpenzi wa sauti halisi hulitumia neno hilohilo kwa muziki usiotiwa chumvi. Kwa Wasomali, ambao ushairi wao ulisambaa sana kwa kaseti zenye mkwaruzo, usafi ni maneno kusikika. Hata simu ya mezani ilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, na watu wakaelewana. Muziki si mazungumzo, utanijibu. Kweli, na majaribio ya mtafiti Sean Olive katika kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman yalionyesha kwamba wasikilizaji wengi, hata waliofunzwa, hupenda besi iliyoongezwa kiasi. Kiasi, lakini! Ikizidi humfunika mwimbaji, na sauti hiyo tuiite "nzito".