Kwa nini mumiani anatisha kuliko filamu (Sehemu ya 3)

Hii msome watoto wakishalala.

Sehemu ya kwanza na ya pili tuliongelea usingizi wa watoto na ndoto mbaya. Mama mmoja akaniuliza: mbona mwanawe wa miaka tisa anaangalia filamu za mazombi huku anatafuna bisi, wala hashtuki, lakini bibi yake alipomsimulia habari za gari la wanyonya damu akagoma kwenda chooni peke yake wiki nzima? Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu. Imeshindikana, kwa sababu swali lenyewe linanigusa kazini. Huyo mumiani anayemwogopa mtoto wake amevaa nguo zangu.

Tuanze mbali kidogo. Mnyonya damu maarufu kuliko wote duniani ni Dracula, aliyetungwa na Bram Stoker, kitabu kikatoka London mwaka 1897. Leo ukimweka kwenye runinga na lile joho lake jeusi na meno marefu, watoto wanacheka, na mimi nacheka nao. Lakini kwa wasomaji wa kwanza hakuwa kichekesho. Kile kitabu kimejaa vitu vilivyokuwa vipya kwao: daktari anarekodi sauti yake kwenye fonografu, Mina anapiga taipu, watu wanafukuzana kwa kufuata ratiba za treni. Na kuna kuongezewa damu! Binti mmoja, Lucy, anaongezewa damu ya wanaume wanne kwa nyakati tofauti, bila kupima kundi, maana makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901, miaka minne baadaye. Nawaambia kama nesi, hapo ndipo moyo wangu ulipodunda. Dracula mwenyewe sikumjali.

Yaani msomaji wa London alitishika kwa sababu zimwi la kale lilikuwa limepanda treni yake. Kisha miaka ikapita, fonografu ikaingia makumbusho, likabaki joho, na joho peke yake halimtishi mtu.

Mumiani wetu hakuzeeka hivyo. Kila kizazi kinamvalisha upya, na hii ndiyo historia ninayotaka muijue.

Neno lenyewe lilianza kama jina la dawa. Asili yake ni Kiajemi, likimaanisha kitu cheusi kama lami, na ni ndugu wa neno ambalo Wazungu wanalitumia kwa zile maiti za Misri zilizokaushwa. Pwani kwetu lilifika na biashara ya bahari, watu wakitibia mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Lakini dawa nyeusi, inayotoka mbali, ambayo hakuna aliyeona ikitengenezwa, haikosi maneno. Krapf, yule mmisionari aliyekaa Mombasa na Rabai, kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, na humo tayari ameandika kwamba wenyeji waliamini Wazungu wanatengeneza mumiani kwa damu ya watu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikaongeza kwamba uvumi wa mumiani ukizuka mjini, watu hawatoki nje jua likishazama. Kamusi, mama zangu! Kitabu cha kueleza maana za maneno, nacho kimeona hofu ni sehemu ya maana.

Halafu yakaja magari. Kenya na Uganda wakati wa ukoloni, wanyonya damu waliitwa wazimamoto, au bazimyamwoto kwa Waganda. Kongo walikuwa batumbula, na Zambia ya leo waliitwa banyama. Kwa nini wazimamoto? Hebu jiweke mahali pa mtu wa wakati ule. Unaona gari jekundu, lina mipira mirefu na pampu, watu wake wana sare, linakaa tayari usiku na mchana, lakini mtaani kwako nyumba za makuti zikiungua hulioni. Sasa gari lenye pampu lisilozima moto wako linavuta nini?

Mwanahistoria mmoja Mmarekani, Luise White, alifika Nairobi miaka ya 1970 kuhoji wanawake wazee wa Pumwani kuhusu maisha yao ya ujana. Wale bibi wakamsimulia habari za wazimamoto, na wengi walizisimulia kama mambo yaliyowakuta majirani zao. Baadaye alizifuatilia hadi Uganda na kwingineko, akatoa kitabu kizima mwaka 2000. Ninachompendea ni kwamba hakuhangaika sana na kama ni kweli au uongo. Yeye aliuliza: mbona hadithi zinazotoka miji iliyo mbalimbali zina vitu vilevile? Kuna magari usiku, kuna mashimo ya kufichia watu, kuna mipira na ndoo, kuna dawa ya usingizi. Kuna bendeji ya kuziba mdomo. Bendeji! Kitu ninachokikata kwa mkasi kila siku.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini filamu nyingi zinaboa na bibi anatisha. Filamu mbovu inakwambia kuna kitu kibaya sana, halafu inapiga muziki mkubwa ushtuke. Bibi anakutajia rangi ya gari, mahali lilipoegeshwa, na harufu ya kitambaa walichomzibia mtu pua. Mahali penyewe unapajua, unapita kila siku ukienda sokoni. Huna pa kukimbilia, maana hadithi imejengwa kwa matofali ya nyumba yako mwenyewe.

Lakini jambo hili lilinishangaza zaidi. Watu wale hawakuogopa sindano kwa sababu ni sindano. Miaka ya 1920 ilipokuja sindano ya buba, Kenya na Tanganyika, watu walifurika kuichoma, wengine wakitembea mwendo mrefu. Vidonda vilikauka mbele ya macho yao. Sindano inayoingiza dawa ilipendwa, hata leo kuna wagonjwa wananinunia nikiwapa vidonge badala ya sindano. Inayotoa ndiyo iliyoleta maneno. Mtu anakuja, anavuta damu yako, anaondoka nayo, mlango unafungwa, na wewe hurudishiwi jibu.

Huo mlango uliofungwa, waulizeni watengenezaji wa filamu watawaambia thamani yake. Jacques Tourneur mwaka 1942 alitengeneza filamu ya mwanamke anayegeuka chui, kwa hela kidogo. Chui anaonekana kwa nadra. Sehemu inayokumbukwa ni ya msichana aliye peke yake kwenye bwawa la kuogelea usiku, vivuli vinacheza ukutani, mngurumo unasikika, basi. Mwaka 1957 huyohuyo Tourneur alitengeneza nyingine, safari hii kuhusu shetani anayewinda watu, na shetani akaonyeshwa waziwazi mwanzoni kabisa, ingawa mwongozaji hakutaka. Wapenzi wa filamu wanalilalamikia lile sanamu mpaka leo. Na ile ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975 ilinufaika na bahati mbaya: papa wa mashine alikuwa anaharibika kila mara majini, ikabidi wapige picha za bahari bila papa. Watu wakaogopa bahari.

Mumiani hajawahi kuonekana. Hakuna sanamu lake la kukuchekesha, kuna gari tu lililopita, na mlango.

Mtaniambia na popobawa je? Huyo wa Pemba na Unguja, aliyevuma sana mwaka 1995, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, wanakesha. Sitaeleza alichosemwa anafanya, hapa kuna watu na watoto wao. Ila angalieni ujanja mmoja: ilisemekana aliyetokewa akinyamaza, popobawa anarudi. Kwa hiyo lazima useme. Wajapani mwaka 1998 walitoa filamu ya Ringu, kuhusu kanda ya video inayoua, na ili upone lazima uinakili umwonyeshe mwingine. Ikawatisha watu dunia nzima. Pemba walikuwa na mashine hiyohiyo miaka mitatu kabla, bila kamera.

Sasa nije kwenye yanayouma.

Filamu ikikutisha, taa zikiwaka mnaenda nyumbani. Zimwi la hadithi za bibi nalo lina mwisho wake: mnaitikia paukwa pakawa, linameza watu, linapasuliwa tumbo, watu wanatoka wazima, mtoto analala mapajani mwako. Mimi siyapingi mazimwi, ni mazoezi mazuri ya woga kwa mtoto aliyekumbatiwa. Mumiani hana mwisho wa namna hiyo. Hadithi yake inaishia pale utakapomwona mgeni ana gari.

Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizua ghasia, askari polisi akauawa. Mtasema ni zamani. Oktoba mwaka 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao walifika kuchukua sampuli za udongo. Udongo tu. Kukapigwa yowe kwamba wanyonya damu wameingia, watu wakakusanyika, wale watatu wakauawa na gari lao likachomwa. Walikuwa wazazi au watoto wa watu. Kila nikifikiria, naona vile vifaa vyao kama alivyoviona aliyepiga yowe: gari geni, mifuko ya sampuli, watu wanaochukua kitu na kuondoka nacho bila maelezo. Mumiani kamili, hakupungukiwa kitu.

Na kliniki yetu je? Nianze na sisi wauguzi, nisije nikaonekana nawasema nyie. Nilipoanza kazi nilifundishwa kufunga mpira mkononi, kupapasa mshipa, kuchoma, kuvuta, kuandika jina kwenye chupa. Hakuna aliyenisisitizia kumwambia mama damu inaenda wapi. Siku moja mjamzito mmoja, mimba yake ya kwanza, aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Samahani dada, hizi chupa tatu zote ni za kwangu? Zinapelekwa wapi?" Foleni ilikuwa ndefu. Nikamjibu, "Maabara," nikaita mwingine. Hakurudi. Mahudhurio mawili yaliyofuata hakuja, na nilipomkuta mtaani akavuka barabara. Mlango nilioufunga siku ile ulikuwa wa kwangu mwenyewe.

Tangu hapo nasema, hata foleni ikiwa mpaka getini. Chupa moja haifiki kijiko cha chai. Mwili wa mtu mzima una damu kama lita tano, na wewe mjamzito unazo zaidi ya hizo. Hii yenye kifuniko cha zambarau inaangalia wingi wa damu, hii inaangalia kundi, hii ni ya magonjwa. Ikishapimwa inateketezwa, haiuzwi. Majibu utapewa mkononi, na usipopewa, uliza tena na tena. Mchangiaji wa damu anatoa kama mililita 450, chini ya nusu lita, na hiyo ndiyo tunayoikimbilia saa nane usiku mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, jambo ambalo ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya uzazi. Nimeshasimama kwenye chumba kile nikisubiri chupa ya damu ije, ndugu wa damu wako nje wanne, wanaume wazima, na wawili kati yao hawataki kutoa kwa sababu ya hadithi. Hiyo saa, mama zangu, hakuna filamu inayoifikia.

Sasa zamu yenu. Mko kwenye benchi, mtoto analia, unamwambiaje? "Nyamaza, nesi yule atakuja akuchome sindano!" Nawasikia kila asubuhi, na wengine mnaninyooshea kidole kabisa. Mmeshatunga hadithi fupi ya kutisha, nzuri kuliko nyingi za kwenye runinga: mhusika anaonekana, amevaa nyeupe, ana kifaa mkononi, na anakuja kweli. Halafu nikifika nimkate kucha tu au nimpime uzito, mtoto ameshakauka mwili kama ukuni, na sindano ikiwepo kweli, misuli iliyokaza inamuumiza zaidi. Mwambieni ukweli mfupi: itauma kidogo, nitakushika, itaisha. Ni hadithi ya kutisha pia, lakini ina mwisho.

Yule mtoto wa miaka tisa mama yake alimleta wiki iliyopita kupima malaria. Alipoona kile kisindano cha kidole akaniuliza moja kwa moja kama gari langu ni jekundu. Nikamwambia sina gari, nakuja kwa daladala. Akafikiri. Akaomba aone tone lake likiwekwa kwenye kipimo, nikamsogezea kiti, tukakaa wote wawili tunakiangalia hadi dakika zikaisha na mstari mmoja ukatokea.

"Sasa damu iliyobaki?" akauliza.

Nikamwonyesha pamba.