Chuma na Moto katika Rangi ya Chungu

Wapo wanaoutazama mtungi wa Uzigua, usiopakwa utando wa kioo, wakahukumu kwamba wafinyanzi wetu hawakuijua elimu ya rangi. Hukumu hiyo haina msingi.

Katika magofu ya Kilwa, aliyoyachimbua Neville Chittick katika miaka ya 1960, vilionekana vigae vya bakuli za kijani kutoka China. Ukijani ule haukutokana na johari. Mafundi walichanganya jivu na unga wa mawe, wakatia sehemu moja au mbili tu za kutu ya chuma katika kila mia, kisha wakachoma kwa joto lipitalo nyuzi 1,200 za sentigredi katika tanuri lililonyimwa hewa. Chuma kikifikia sehemu nane au kumi, rangi huwa ya kahawia au nyeusi. Ndiyo maana fundi wa rangi hujaribu kila kipimo kwanza juu ya kigae kidogo.

Basi na tumtazame mfinyanzi wa Misima au Korogwe. Wekundu wa udongo wa Handeni watokana na chuma hicho hicho. Chungu kikichomwa penye hewa tele huwa chekundu. Kikizibwa kwa moshi huwa cheusi. Tena mtungi usiopakwa kioo hutoa jasho, na jasho hilo ndilo lipozalo maji.

Hatuna budi kuwauliza bibi zetu wafinyanzi wangali hai. Shule ya ufundi itakayofundisha rangi za kioo na ianzie kwao, kwani chuma wanakijua na moto wanaujua.