Mteremko wa Korogwe na Ekzosi Isiyosetiwa

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mkata na Segera upande wa Handeni, huingia Korogwe, kisha huambaa na milima ya Usambara hadi Mombo na Same. Kwa wenye magari ya kasi yanayopita humo, Subaru Impreza, Toyota Altezza na mengine ya aina hiyo, limezoeleka wazo kwamba mtu anaweza kung'oa manifoldi ya ekzosi iliyotoka kiwandani, akafunga ya mabomba marefu yenye bomba lake kwa kila silinda, akaondoka bila kuseti kitu chochote. Injini itajipanga yenyewe, husemwa. Hoja yangu ni kwamba wazo hilo ni geni katika barabara hii. Kabla ya kompyuta kuingia kwenye magari, njia ya kushuka kutoka nyanda za juu hadi Korogwe ilidai kinyume chake kwa miongo mingi: hewa inayoingia ikibadilika, mafuta na cheche navyo vibadilishwe.

Ushahidi mzuri uko katika mashindano ya magari ya Safari. Yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Miaka ya mwanzo magari yalipangwa kwa madaraja ya bei, wala si ukubwa wa injini, na yalitakiwa yakaribiane na lile ambalo mtu yeyote angelinunua dukani. Sasa lifikirie gari la kabureta lililosetiwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, linaposhuka upande huu hadi Korogwe, takriban mita 300. Hewa linayoikuta huku chini ni nzito zaidi kwa kama asilimia 15. Kabureta haipimi uzito huo. Hufyonza petroli kwa mvuto wa hewa inayopita kooni mwake, na hewa ikiwa nzito petroli nayo huongezeka, ila haiongezeki kwa kiwango kilekile. Mchanganyiko huwa mkavu: hewa nyingi, mafuta haba. Fundi makini alikuwa na njia mbili, ama kubadili jeti za kabureta kadiri gari linavyoshuka, ama kuchagua jeti za kulitosheleza gari sehemu za chini na kukubali litoe moshi mweusi milimani. Kuacha mambo yajipange hakukuwamo.

Tena washindi wa Safari hawakuwa lazima wenye injini zilizokamuliwa nguvu hadi tone la mwisho. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo Watanzania wengi walilijua kwa kazi za kila siku. Mwaka 1963, na tena 1968, Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot hiyohiyo ya 404, na kila mara ni magari saba tu yaliyomaliza. Katika mashindano ya namna hiyo, nguvu za ziada zinazoifupishia injini maisha zina faida gani?

Kwa nini nauleta mteremko katika habari ya ekzosi? Kwa sababu manifoldi ya mabomba huifanyia injini jambo lilelile. Moshi hutoka silindani kwa vishindo. Kila kishindo kikifika pale mabomba yanapokutana, wimbi la mvuto hurudi nyuma kuelekea kwenye valvu. Urefu wa bomba ukiwa sawasawa kwa mzunguko fulani wa injini, wimbi hilo hufika wakati valvu ya kutolea na ya kuingizia zote ziko wazi kwa nukta moja, likafagia moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya. Silinda hujaa kuliko ilivyojaa kiwandani. Hapo ndipo nguvu inapotoka, na hapo ndipo deni linapozaliwa, maana hewa iliyoongezeka inadai petroli. Isipoipata, mchanganyiko huwa mkavu, moto huzidi, valvu za kutolea huungua, na injini hugonga ndani hadi mwisho inoki. Taimingi nayo imo: silinda isiyobakiza moshi mwingi huwaka upesi zaidi, hivyo cheche iliyopangwa kwa silinda ya zamani huweza kuwahi mno.

Wazo la kuacha kuseti lilitoka wapi, basi? Naliona na mizizi miwili. Wa kwanza ni dizeli. Mkonge uliingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na ukanda wa Korogwe ukawa na mashamba makubwa, Ngombezi likiwamo, yenye mashine za korona za kuchakata majani na malori ya kubeba katani. Ufundi wa mahali kama hapo ulikulia sana kwenye injini za kazi. Injini ya dizeli huendeshwa ikiwa na hewa ya ziada daima. Dereva wa lori akiikata ekzosi atawasumbua majirani kwa kelele, lakini pistoni haziungui kwa kuongezewa hewa. Mazoea hayo hayana kosa kwa dizeli. Yakihamishiwa kwenye petroli huwa hatari.

Mzizi wa pili ni masega, kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na miaka iliyofuata magari yaliyotumika kutoka Japani yakazidi kuingia, mengi yakiwa na masega. Wakati huo petroli yetu ilikuwa na risasi, nayo risasi huyaua masega kwa kuyafunika. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwisho wa 2005 ikawa imekoma. Kabla ya hapo, kuyatoa masega yaliyoziba kulikuwa na mantiki. Baadaye mantiki iliondoka, biashara ikabaki, kwa kuwa ndani yake mna platini, paladiamu na rodiamu. Nadhani hapo ndipo wengi walipozoea kuona ekzosi ikikatwa na gari likiendelea kutembea, wakahitimisha kwamba ekzosi haina uhusiano na akili ya injini.

Pingamizi kubwa ni la kompyuta yenyewe, nalo lina uzito. Gari la leo lina sensa ya oksijeni inayoonja moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze petroli. Magari mengi pia yana sensa inayopima hewa inayoingia. Ni kweli, na ndiyo maana Altezza isiyo na turbo, ikifungwa manifoldi ya kiasi, inaweza kwenda miaka bila balaa. Lakini kompyuta husikiliza sensa ya oksijeni hasa wakati wa mwendo wa kawaida. Ukikanyaga mafuta hadi chini kupanda kilima, huiacha sensa na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani kwa ekzosi ya kiwandani. Gari lisilopima hewa moja kwa moja, bali hukisia kwa mgandamizo, halijui kabisa kwamba silinda sasa inajaa zaidi. Zaidi ya hayo, mabomba marefu huisogeza sensa mbali na moto ikachelewa kusoma, na gasketi ikivuja, hewa ya nje huingia, sensa ikadanganyika kuwa mafuta ni haba na kompyuta ikamimina petroli isiyohitajika. Kwa Subaru yenye turbo hatari huongezeka, maana ekzosi iliyofunguka inaweza kuupandisha msukumo wa turbo kupita kiwango kilichowekwa.

Atasema mwingine kwamba mashine za kuseti kompyuta si za kila gereji, na gharama ya kuseti inaweza kuizidi ya manifoldi. Hilo ni tatizo la fedha na umbali. Haliibadili hesabu ya hewa na petroli. Mwenye gari lisilo na turbo anayetaka sauti na nguvu kidogo anaweza angalau kuhakikisha gasketi hazivuji, kupima gari kwa mashine ya kusoma kompyuta kabla na baada, na kuzichomoa plagi baada ya safari ndefu azitazame rangi: nyeupe iliyokauka ni ishara ya ukavu na moto. Mwenye turbo asijaribu kabisa bila kusetiwa. Fedha ya kuseti iwekwe katika bajeti ileile ya manifoldi, tangu siku ya kwanza, na ikikosekana, manifoldi ya kiwandani ibaki mahali pake.