Mali Bila Daftari

Miaka niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kuni za jikoni zilinunuliwa kwa lori. Lori likiisha, tuliagiza jingine. Sikumbuki hata siku moja nilipomwuliza mpishi sufuria ya maharage inakula magogo mangapi. Ndiyo sababu habari za Woking, mji ulio kusini-magharibi ya London nchini Uingereza, zilinigusa.

Mwaka 1990 halmashauri ya mji huo iliamua kupunguza nishati inayotumika katika majengo yake. Ilianza na mfuko mdogo na hesabu makini. Fedha zilizookolewa katika ankara za umeme na gesi zilirudishwa mfukoni, zikagharimia kazi iliyofuata. Haba na haba hujaza kibaba.

Aliyeongoza kazi ya kiufundi ni mhandisi Allan Jones. Vituo vikubwa vya umeme hutupa joto jingi hewani, na umeme mwingine hupotea njiani katika nyaya ndefu. Woking ikajenga mitambo midogo ya gesi karibu na watumiaji: injini huzalisha umeme, na joto lake huchemsha maji na kupasha majengo wakati wa baridi. Mwaka 1999 halmashauri iliunda kampuni yake, Thameswey, na mwaka 2001 mtambo wa katikati ya mji ulianza kazi. Kufikia mwaka 2004, matumizi ya nishati ya halmashauri yenyewe yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu, na hewa ya ukaa, ile gesi inayoongeza joto duniani, kwa takriban asilimia 77. Wageni walifika kujifunza.

Laiti habari ingeishia hapo! Miaka iliyofuata halmashauri hiyo hiyo ilikopa fedha nyingi mno, hasa kwa ajili ya maghorofa na maduka ya katikati ya mji. Juni 2023 ilitangaza rasmi kwamba mapato yake hayawezi kukidhi matumizi. Deni lilikuwa limefika paundi bilioni 1.8, na wananchi wakaanza kupunguziwa huduma.

Mtu asije akasema kuwa kutunza hewa ndiko kulikowafilisi, kwa maana sehemu kubwa ya deni ilikuwa ya majengo. Mimi naona mfuko ule wa kwanza ulitumia kilichokwisha kuokolewa. Mikopo ilitumia kilichotarajiwa. Watu wa mji ule ule waliopata sifa kwa kuhesabu ndio walioumia hesabu ilipowaponyoka viongozi wao.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hata msitu ni mali. Ningalirudi chuoni leo, kabla ya kuwahubiria wanachuo kupanda miti ningalinunua mizani ya kuni na daftari moja, nikamkabidhi mpishi, na kila Ijumaa ningalilikagua mwenyewe.