Jicho Likienda, Mwili Ukabaki

Mwaka 1894, kwenye maonyesho makubwa ya majira ya baridi mjini San Francisco, watu walilipa kuingia katika chumba chenye bembea. Kwa kukitazama kilikuwa chumba cha kawaida: kochi, meza, viti, piano na sefu kubwa ya chuma. Wageni waliketi kwenye bembea, mlango ukafungwa, na bembea ikaanza kwenda mbele na nyuma, kila mara juu zaidi, mpaka ikapinduka na kuzunguka mzima mzima. Kumbe bembea ilikuwa karibu imetulia. Kilichozunguka ni chumba, na samani zote zilikuwa zimekazwa zisianguke.

Mwanafizikia Robert Wood aliipanda, na mwaka uliofuata akaandika habari zake. Alijua vizuri mtambo unavyofanya kazi, na bado tumbo lake lilitumbukia kila bembea ilipoonekana kushuka. Wengine walitoka wakiwa na kizunguzungu na kichefuchefu, hata kutembea kukawa taabu.

Historia ya michezo ya uhalisia pepe naianzia hapo, kabla kompyuta haijazaliwa, kwa kuwa taabu kubwa ya mchezaji wa leo aliyevaa miwani yake sebuleni ilikuwamo tayari katika chumba kile. Mtu anaujua ukweli, lakini tumbo lake halishawishiki.

Sababu imo ndani ya sikio. Huko kuna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji, inayopima kichwa kinavyogeuka, pamoja na vifuko viwili vinavyohisi mwendo na mvuto wa ardhi. Ubongo hulinganisha habari zao na habari za macho. Anayevuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja wakati wa kusi, akiwa ameketi ndani ya boti asipoiona bahari, anaujua ugomvi huo: sikio linasema tunayumba, jicho linasema ukuta umetulia. Ndani ya miwani ya uhalisia pepe pande hizo mbili hubadilishana. Jicho linakimbia, sikio liko kwenye kochi.

Ushahidi mzito ulitoka kwa wanaume 11 viziwi wa Chuo cha Gallaudet, Washington. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, jeshi la majini la Marekani na shirika la NASA waliwaomba washiriki majaribio ya kuandaa safari za angani. Karibu wote walikuwa wamepoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, na mifereji yao ya sikio ilikuwa imeharibika. Katika jaribio moja walipelekwa kwenye bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia, Kanada. Watafiti waliugua, jaribio likakatizwa. Wale wanaume walikuwa wakicheza karata. Wanaume hao wanastahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa, maana walitoa miili yao kwa elimu ambayo leo inawafaa watu wasiowajua.

Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta Ivan Sutherland alieleza kifaa chake cha kuvaa kichwani: viskrini viwili vidogo kwa ajili ya macho, na mkono wa chuma ulioshuka kutoka darini kupima kichwa kilikogeukia. Mvaaji aliona michoro ya mistari mitupu ikielea hewani, na alipogeuka, ilibaki mahali pake. Wazo lote la leo limo humo. Lakini kuhusu kuistarehesha shingo ya mvaaji, kazi kubwa ilibaki mbele.

Nyumbani uhalisia pepe ulijaribu kuingia mapema mno. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ilitoa Virtual Boy, kazi ya Gunpei Yokoi. Ilisimama juu ya meza kwa miguu yake, na mchezaji aliinama kuingiza uso ndani, ambako kila kitu kilikuwa chekundu juu ya giza. Michezo yake ilikuwa na mpango wa kujisimamisha yenyewe kila baada ya muda ili macho yapumzike. Watu walilalamikia shingo, macho na kichwa, na haikumaliza hata mwaka mmoja sokoni Marekani. Mimi naona kosa lake kubwa ni kumtaka mtu aufuate mtambo, mgongo umepinda, badala ya mtambo kumfuata mtu.

Mambo yalibadilika kwa msaada wa simu za mkononi, zilizofanya skrini ndogo na vihisio vya mwendo kuwa rahisi kwa bei. Mwaka 2012 kijana Mmarekani, Palmer Luckey, alichangisha zaidi ya dola milioni 2.4 kwa ajili ya miwani ya Oculus Rift. Wahandisi walijifunza kwamba kichwa kikigeuka, picha sharti imfuate mtu ndani ya takriban milisekunde 20, la sivyo tumbo linagoma. Toleo la kwanza la majaribio lilionyesha picha 60 kwa sekunde. Lile lililouzwa kwa umma mwaka 2016 lilifikia 90, kila picha ikiwaka kitambo kifupi sana ili isiache ukungu machoni.

Hata hivyo, picha ikiwa safi kiasi gani, kutembezwa kwa kusukuma kijiti kwa kidole gumba, miguu imetulia, kulibaki kuwa bembea ileile ya 1894. Watunzi wa michezo wakabuni njia: mchezaji anaelekeza mkono mahali, na papo hapo yuko pale, bila safari ya katikati. Mwaka huohuo wa 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba kufifisha kingo za picha kidogo kidogo wakati wa mwendo hupunguza kichefuchefu.

Raha ya kweli ilikuja pale mwili ulipopewa kazi. Beat Saber, mchezo uliotoka Prague mwaka 2018, unamsimamisha mtu mahali pamoja, vitalu vikimjia kwa mdundo wa muziki, naye anavikata kwa panga mbili za mwanga. Anachutama, anakwepa, anazungusha mikono, na kila anachokiona mwili wake unakifanya. Sikio halina la kupinga. Wanaoucheza humaliza wakitoka jasho, moyo ukienda mbio, na wengi wameufanya kuwa zoezi lao. Hilo linanifurahisha kuliko uzuri wowote wa picha.

Ngozi nayo ilidai haki yake. Miwani ya Quest 2, iliyotoka mwaka 2020, ina uzito wa gramu 503, nyingi zikiegemea uso. Julai 2021 sponji zake zinazogusa uso ziliondolewa matumizini, takriban milioni 4 Marekani peke yake, baada ya maelfu ya watumiaji kuripoti wekundu, uvimbe na muwasho. Wenye miwani walipewa kifuniko cha silikoni. Kwa uzito, wengi hununua mkanda mgumu wenye betri kisogoni, ambao huongeza gramu lakini huipumzisha shingo na mashavu.

Macho ndiyo yenye deni kubwa zaidi. Quest 2 ilitoa nafasi tatu tu za umbali kati ya lenzi: milimita 58, 63 na 68. Mwaka 2020 mtafiti Kay Stanney na wenzake walionyesha kwamba wanawake waliugua zaidi kuliko wanaume hasa kwa sababu umbali wa lenzi haukulingana na macho yao. Waliotoshwa na miwani, na wasiokuwa na mazoea makubwa ya kuugua safarini, waliugua kwa namna inayofanana na ya wanaume. Tena, katika karibu miwani yote inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani, kitu kikisogezwa karibu na uso macho hugeuka kukielekea kama kawaida, huku fokasi ikibaki kwenye umbali uleule uliowekwa kiwandani. Ndiyo maana kusoma maandishi yaliyo karibu ndani ya miwani huchosha upesi kuliko kutazama mlima wa mbali.